Kima cha Chini na Gauni Zima

Jumatatu tulimzika huko Temeke fundi cherehani ambaye wasomaji wangu hawakumfahamu, ingawa huenda watoto wao wamevaa kazi ya mikono yake. Alishona sare za shule katika karakana ndogo nyuma ya nyumba niliyowahi kupanga, nami nilizoea kuketi naye alipomaliza kazi.

Kwa miaka mingi kila fundi pale alishona gauni zima, tangu kola hadi pindo, kwa malipo madogo. Kilipotangazwa kima kipya cha chini cha mshahara, mwenye karakana, kijana muungwana, alikilipa bila kusukumwa. Ila ili akimudu, aligawa kazi: huyu kola, yule mikono, mwingine vifungo. Rafiki yangu akaangukiwa na kola. Nilitarajia kumkuta na furaha. "Dada, nashona kola tangu asubuhi," aliniambia, "gauni lenyewe sijaliona." Mwenzake akamtania: "Huyu mama apewe nini? Juzi analilia mshahara, leo analilia pindo." Wakacheka, naye akacheka. Nikamwuliza kama angekubali kurudi kwenye malipo ya zamani. "Thubutu. Zamani kazi nilikuwa naipenda, ila mwisho wa mwezi nauogopa. Sasa mwisho wa mwezi siuogopi, kazi ndiyo inanichosha."

Je, sheria ilikuwa imemwongezea furaha au imempunguzia? Nilikuwa bado nalitafakari swali hilo alipomwendea bosi wake kuomba mafundi wawe wanabadilishana nafasi, na kila Ijumaa mtu ashone gauni zima. Kijana akamwamkia kwanza, kisha akasema, "Mama, serikali imesema nikulipe. Haikusema nikufurahishe." Akajibiwa, "Ndiyo maana nimekuja mwenyewe." Bosi akacheka, akakubali kujaribu. Nilipomwuliza rafiki yangu mbona miaka yote hakuwahi kumwomba bosi lolote kuhusu kazi, alisema, "Kila mwezi nilikuwa naomba aniazime ya kodi. Sasa mtu wa kuazima ataombaje na jingine?"

Tangu hapo, nikisikia mfanyakazi aliyeongezwa mshahara analalamika, sikimbilii kusema hana shukrani. Hutokea kwamba nyongeza ndiyo iliyompa, kwa mara ya kwanza, nafasi ya kusema anachokitaka. Rafiki yangu alitaka kuona gauni limekamilika, na hadi maradhi yalipomlaza, kila Ijumaa aliliona.