Vibao Viwili Kabatini

Mwaka wangu wa nne Toronto sikuweza kutulia. Nilikuwa napanga mizigo kwenye ghala moja huko Malton, na siku za mapumziko nilizunguka sebuleni kwetu Etobicoke hadi binti yangu akachoka kunitazama. Jumamosi moja akaniambia, kwa Kiingereza kama kawaida yake, nimpeleke makumbusho. Alikuwa na kazi ya shule.

Ilikuwa karakana ya karne ya kumi na tisa, iliyohifadhiwa kama ilivyokuwa, ambamo chuma kilipimwa nguvu kabla ya kujengewa madaraja. Mama mmoja mzee, mwongoza wageni, alieleza jinsi mashine ilivyokibana chuma ncha zote mbili na kukivuta mpaka kikatike. Mimi sikumngoja amalize. Nilikuwa nimeshafika kwenye kabati la vioo. Nilipokuwa Mwanza nilifanya kazi hiyohiyo miaka tisa, nikivuta nondo za maghorofa.

Kabatini mlikuwa na vipande viwili vilivyokatika, kila kimoja na kibao chenye jina la chuma chake.

"Vibao vimepishana," nikasema kwa sauti.

"Mama, acha," binti yangu akanong'ona.

Mwongozaji akasogea. Nikamwonyesha. "Hiki kilichokatika kama chaki ni chuma cha kumimina kwenye kalibu. Hakivutiki. Chuma cha pua hurefuka kwanza, kikakonda shingo, ndipo kikakatika. Kama hiki hapa."

Akavaa miwani, akachungulia. "Umejuaje?"

"Ndiyo kazi yangu," nikajibu, na uso ukaniwaka moto, kwa kuwa haikuwa kazi yangu tena.

Akafungua kabati, akanipa vipande nivishike. Nikapitisha kidole gumba kwenye ile shingo iliyokonda. Yule mama akahamisha vibao mbele ya wageni wote, akanishukuru.

Tukiwa kwenye basi, binti yangu akaniuliza kwa Kiswahili cha kutafutatafuta, "Yale maghorofa, bado yamesimama?"

"Yamesimama."

Akaandika daftarini.

Wiki hiyo niliomba ruhusa kazini, nikapeleka vyeti vyangu vya upimaji vikatathminiwe, ili niruhusiwe kuifanya kazi ile huku. Afisa aliyevipokea akaniambia nisubiri jibu kwa barua. Mpaka leo nasubiri, na zamu za ghalani bado nazishika. Ila siku hizi barua ikiingia, naifungua palepale mlangoni, nimesimama, koti bado mwilini.