Si Leza Iliyomtoa Baba Jicho, Ni Mimi

Jamani, jicho la baba yangu nimelipasua mimi. Si daktari, wala si leza. Ni mkono huu huu ninaoandikia!

Sijawahi kumwambia mtu. Nyinyi ndio wa kwanza.

Nauza ndizi sokoni Mwembesongo. Baba anaishi Bigwa, na macho yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho. Kwenda chooni mpaka apapase ukuta. Mdogo wangu Zaina, mwalimu kule Gairo, akasema kuna hospitali Dar wanapasua kwa leza. Nikakataa katakata. Sokoni nilishaambiwa ule mwanga unachoma ubongo, mzee anarudi mwehu. Na mimi ndiye mkubwa, nikishasema nimesema. Ujinga mtupu!

Zaina akampeleka bila kuniambia. Wakaanza na jicho la kulia: leza ikakata, ukungu ukatolewa, akawekewa lenzi. Siku ya nne nikazipata habari kwa jirani.

Nilifika Bigwa nimefura. Baba alikuwa ameketi sebuleni, jicho limefunikwa kikinga cha plastiki angavu, anacheka.

"Mwanangu! Kumbe na wewe una mvi!"

Hata shikamoo sikumpa. Nikamfuata Zaina uani, alikokuwa na mumewe.

"Nani kakupa ruhusa ya kumchoma baba?"

"Kaka, hajachomwa. Anaona! Muulize mwenyewe."

Nikamzaba kofi, akaanguka juu ya ndoo. Nikamkanyaga mbavu. Mdogo wangu wa tumbo moja, jamani! Mumewe akanirukia, nikampiga kichwa, pua ikapasuka. Bado sikutosheka. Nikanyakua kigoda, nikakizungusha kwa nguvu zangu zote.

Sikujua kwamba baba ameshatoka nje. Alikuja mbio, bila kupapasa, kwa sababu alikuwa anaona.

"Wanangu, basi! Basi!"

Kigoda kikampata usoni. Kikinga kikavunjika vipande. Akashika jicho kwa mikono miwili, damu ikawa inatoka katikati ya vidole.

Hospitali aliwaambia madaktari ameteleza. Alinificha mimi! Walihangaika naye, lakini kidonda cha upasuaji kilikuwa bado kibichi. Jicho likatolewa.

Zaina hataki hata kusikia jina langu, ila baba amemkataza yeye na mumewe kusema. Mtaani wanasema leza ndiyo imemharibu mzee, nami nimenyamaza. Bibi mmoja jirani yetu amegoma kupelekwa hospitali kwa maneno hayo. Naye anapofuka kwa sababu yangu!

Juzi nilimpigia baba magoti. Nikamwambia, jicho la pili bado linaweza kupasuliwa, twende nikupeleke mwenyewe.

Akasema, "Mwanangu, mara ya mwisho nilipoona, nilikuona wewe. Niache nikae hivi hivi."

Ndugu yangu unayesoma, kama mzazi wako ana ukungu machoni, kamuulize daktari, si watu wa sokoni. Na kama una mkono mwepesi kama wangu, ukipandwa na hasira usikanyage kwenu. Geuza, rudi ulikotoka. Mimi nilifika.