Uzi wa Karani wa Tiketi

Kabla kompyuta hazijaletwa ofisini kwetu, karani wa tiketi alikuwa akipima safari kwa uzi mweusi juu ya tufe la dunia lililochakaa. Alibana ncha moja kwa kidole gumba, akauvuta taratibu hadi mji wa pili, kisha akaulaza kwenye rula. Kila sentimita ilikuwa nusu saa ya ndege. "Saa tisa tu, mama," alimwambia mteja mmoja aliyeogopa kumfuata mwanawe ng'ambo. "Ukisinzia mara mbili, umefika." Mama akacheka, akakata tiketi.

Kila jioni, kabla ya kufunga, karani alitoa mfukoni uzi mwingine, mwekundu, wenye fundo kila ncha, akaupima upya kana kwamba miji huhama. Siku moja nikamtania, "Mzee, miji bado haijasogea tu?" Hakuinua macho. "Kwa binti yangu ni saa kumi na nne," alisema. "Nilimwambia ni karibu, akaenda. Mwaka wa tisa huu." Akauzungusha uzi kidoleni, polepole, mpaka yale mafundo mawili yakagusana.