Bido ya Mama Mukandori

Ukimupelekea Mama Mukandori sahani ya maharagi, umejitafutia kazi. Sahani yako haitarudi bila kitu. Itarudi na mayai, ao viazi vya moto, ao kipande cha fromaji, jibini ya ng'ombe, imefungwa mu jani la ndizi. Sasa nawe utaona haya, utamupelekea kitu kingine, naye atajibu, na mutaendelea hivyo mpaka mumoja wenu atakufa. Miye Kavuo nilijua hiyo mapema, juu ya vile duka yangu inatazamana na mulango wake hapa Kalembe, na sisi watu wa Butembo hatupendi biashara isiyo na mwisho. Nilimwambia: "Mama Mukandori, ni chumvi tu nimekupa. Kula, nyamaza." Alicheka. Jioni bakuli yangu ikarudi na maboga.

Chombo cha muntu hakirudi kitupu. Hata kwetu iko hivyo, lakini yeye alizidisha. Vita ilipofukuza watu kule Kitshanga, wakafika hapa na mikeka juu ya kichwa, alipokea familia nzima mu jiko yake. Siku walipoondoka wakamuachia sufuria yenye tundu. Aliwakimbilia njiani na kikapo cha viazi, kuwalipa ile sufuria yenye tundu. Nilimwambia iko mujinga, na mpaka leo sijarudi nyuma ya ile neno.

Bwana wake alikufa zamani. Mutoto wake wa pekee alishuka Walikale kuchimba madini, na hatujui kama iko muzima. Alibaki na muke wa yule mutoto, Byukusenge, na shamba ya kilima ambayo wazee wake walilima mbele yake. Kila asubuhi nilikuwa namuona anapanda na jembe, mimi nafungua mulango wa duka. Alikuwa anapiga mluzi kama mwanaume. Nilipenda ile mluzi, sikumwambia.

Halafu mifupa ikaanza kumuuma. Kwanza mabega, kisha nyonga. Alisema ni baridi ya kilima. Miguu ikavimba, akasema ni kusimama. Asubuhi moja alikuja kununua sabuni, uso wake ulikuwa umejaa, mukono wake umekauka sawa fimbo, nikamuuliza.

"Nimenona," akasema.

"Mukono umekonda, uso umenona? Wacha bongo, usinidanganye, mama. Mficha ugonjwa, kifo humuumbua."

Alichukua sabuni yake akaondoka. Siku ile hakupiga mluzi, na hakupiga tena.

Wakati ule barabara ya Goma ilikuwa bado wazi. Njo wakaja watu wa utafiti na jeep yao. Walikuwa wanatafuta wanawake waliolala njaa miaka ya vita, wawapime damu na mukojo, waone namna mifupa, mafigo na homoni za mwili zinavyoharibiana. Walikuwa na docta mumoja, Anne, binti wa Goma, mwenye sauti ya pole. Benoît, enfirmie, muuguzi wa dispansere yetu, alinituma nimulete Mukandori, juu yeye mwenyewe alikuwa ameshindwa. Nilimuvuta kwa mukono mpaka pale, nikakaa naye kwa benchi ili asikimbie.

Docta Anne alimushika miguu, akabonyeza kwa kidole, shimo ikabaki. Akamwambia: "Mama, mafigo ikichoka, mifupa njo inalipa. Homoni fulani inatoka hapa kwa shingo, inaenda kuondoa chokaa mu mifupa na kuileta mu damu. Ni kama muntu anayeng'oa mbao za nyumba yake apate kuni za kupika."

Mukandori akaitika kwa kichwa. Kuni alizijua.

"Sasa damu yako itatuambia kidogo tu," docta akaendelea. "Mu damu kuko kitu kinaitwa kreatinini. Ni takataka ya nyama ya mwili, na mafigo njo inaitupa inje. Wewe nyama yako imeisha, takataka iko kidogo, damu itatudanganya kwamba mafigo iko muzima. Njo maana nataka mukojo wako yote, toka asubuhi mpaka asubuhi ingine. Usimwage hata tone."

Na akasema jambo ambalo wote tulisikia vizuri: wale watakaoonekana mafigo imeanza kushindwa, jeep itawapeleka Goma, watatunzwa bule, bila kulipa, mu hospitali kubwa, na kama bado ni mapema dawa zitaweza kuwashika. Wenye mafigo muzima watabaki nyumbani. Nilimutazama Mukandori, nikajua kiti kimoja cha ile jeep ni chake. Nilifurahi kabisa, sitaficha.

Wakamupa bido nyeupe, dumu ya plastiki, ya kutia mukojo. Pamoja na bido wakamupa kipande cha sabuni na sukari ndani ya mufuko, kumushukuru. Docta wa watu, alifanya wema. Lakini huyu binti wa Goma, hakuna muntu aliyemwambia kwamba hapa kwetu chombo kikija na zawadi, kinarudi namna gani.

Kesho yake Byukusenge alipita mbele ya duka na ile bido. Ilikuwa imejaa mpaka shingo, mukono wake unashuka kwa uzito. Docta alimupongeza Mukandori mbele ya watu wote. Jeep ikaondoka.

Majibu ilikuja kwa simu ya Benoît. Mafigo ya Mama Mukandori inafanya kazi vizuri, hata kupita ya wenzake. Jeep ilirudi ikachukua wanawake wengine, wakapanda na bitenge yao mupya. Mukandori akasimama njiani akawapungia mukono. Alifurahi. Njo kitu inayoniuma kupita yote, jinsi alifurahi. Alipeleka mayai kwa padri, akasema Mungu amemuponyesha. Akapanda kilima na jembe.

Mifupa haikusikia hiyo habari. Akaanza kutapika asubuhi, ngozi ikamuwasha mpaka akajikuna damu, pumzi yake ikanuka vibaya. Siku moja alinyanyua kikapo cha viazi, mukono ukavunjika. Hakuanguka, hakugongwa na kitu. Byukusenge alisema alisikia sauti kama kijiti. Benoît alimufunga mbao, akarudi kwa duka yangu akakaa chini. Mu siku zile tayari barabara ya Goma ilikuwa imekatika kule Kitshanga, bunduki zilikuwa zinalia upande ule, na chumvi ilikuwa inaisha mu duka.

Njo docta Anne akapiga simu mwenyewe. Alikuwa amerudia hesabu ya vipimo vya labo, haikumuacha alale. Kreatinini ya ile bido ilikuwa mingi kupita mwili wa ule mama. Hata mwanaume wa nguvu, mukata mbao, hangeitoa. "Benoît," akauliza, "nani na nani walikojoa mule?"

Benoît alishindwa kuuliza muke wa umri wa mama yake jambo kama hilo. Akanituma miye. Nikavuka njia.

Mukandori alikuwa amelala. Byukusenge aliposikia swali aliinamisha macho, na nikajua. Mukandori njo akajibu, bila kuficha:

"Ilitoka kidogo tu, Kavuo. Chini kabisa ya bido. Wamenipa sabuni, wamenipa sukari, niwarudishie chombo chao vile? Byukusenge akanisaidia, na mama wa nyumba ya nyuma naye akatia. Tukaijaza vizuri."

Nilimutukana. Nilimwambia iko mujinga wa sufuria na mujinga wa bido, nikamwambia ile kidogo njo walikuwa wanaitafuta, njo ingewaonyesha mafigo imeshindwa, kama ungewapa ile kidogo ungekuwa Goma sasa. Alinitazama kwa mushangao wa kweli.

"Kidogo njo walitaka? Nani anataka kidogo?"

Nikakaa chini kwa mukeka wake nikalia, naye mugonjwa akawa ananipiga piga mugongo na mukono muzima.

Docta kwa simu alisema anatuamini, lakini wakubwa wake hawatatoa kiti cha ndege kwa maneno ya simu. Wanataka bido ingine, ya ukweli. Barabara ya Goma imefungwa, sawa. Basi bido ipite Pinga mpaka Walikale, kule ndege ndogo inatua, na majibu ikionekana, Mukandori naye abebwe njia ileile. Wanaume wa kanisa walikuwa tayari na kipoyi cha kumubeba. Archange, motari anayenibebea mizigo kwa moto, pikipiki yake, akakubali kupeleka. Nilijua njia ile ni mbaya. Tungefanya je?

Tulimuwekea Mukandori bido ingine, na safari hii nililala kwake mwenyewe, kulinda. Asubuhi, kilichokuwa ndani hakikujaza hata kikombe, na rangi yake kama chai. Aliitazama kwa muda murefu. Akaomba kikwembe aifunike, watu wasione. Halafu akamutuma Byukusenge achote maharagi, ile nyekundu nzuri ya mbegu, atie mu kifuko na kuifunga kwa shingo ya bido.

"Mwambie docta anisamehe," akamwambia Archange. "Mwambie viazi ikitoka nitamutumia."

Archange hakucheka. Alifunga bido nyuma ya moto kwa mupira, taratibu kama amebeba mutoto, akaenda.

Tukangoja. Kila moto iliyolia Mukandori aligeuza kichwa. Alikuwa haoni vizuri tena, lakini masikio ilikuwa inafanya kazi.

Archange alirudi na matope mpaka kiunoni. Mbele ya kufika Pinga watu wa bunduki walikuwa wameweka bariere, kizuizi cha njia, na nyuma ya bariere kulikuwa na mapigano, watu walikuwa wanakimbia kuja upande wake. Wenye bariere walimuambia ageuke ao afe. Kwa kuwa ni kijana mwaminifu, hakutupa kitu. Aliingia kwa Mukandori na kuweka bido chini, karibu na kitanda, na kikwembe yake, na kifuko cha maharagi bado kimefungwa kwa shingo.

Mukandori alinyoosha mukono akaigusa. Akagusa kifuko.

"Wamekataa," akasema.

"Hapana, mama," Archange akamujibu. "Ni barabara. Sikufika."

"Wameona iko kidogo."

Nilipiga magoti nikamuelezea. Nilimwambia hakuna aliyeiona, hakuna docta aliyekataa, ni bunduki tu zilizosimama mu njia. Benoît naye akamuelezea, na Byukusenge, kwa Kinyarwanda, kwa Kiswahili. Alikuwa anasikiliza kwa heshima, kama muntu anayefarijiwa na majirani, na hakuamini hata mumoja wetu. Akageuza uso kwa ukuta. Kabla ya viazi kutoka alikuwa amekufa. Mpaka mwisho, kila alipoamka, neno lake lilikuwa moja: waliona iko kidogo, wakaona haya kuniambia.

Baada ya mazishi Byukusenge alivuka njia na bakuli yangu, ile niliyompelekea uji siku za mwisho. Alisema mama aliacha agizo. Ndani kulikuwa maharagi nyekundu, ile ya mbegu, ile iliyofika karibu na Pinga na kurudi. Nimeiweka juu ya rafu, kando ya sabuni. Sijaipika. Sasa zamu iko yangu, na sijui nimurudishie nani.