Kikombe cha Mzee Stobdan

Mara tatu Mzee Stobdan alikwisha kuvuka mto na birika lake la pombe ya shayiri, kumposea mpwawe binti wa Dechen, na mara tatu Dechen alikataa kuonja. Kwa desturi yao, akionja tu, amekubali kumwoza binti. Na Yangzes alikuwa mwanawe wa pekee, kifua kikimsumbua kila baridi. Huko ng'ambo nani angemkamulia tsestalulu, vitunda vichachu vya kutuliza kifua?

Asubuhi hiyo mama na binti walikuwa vichakani pamoja na majirani, wakizivuna hizo tsestalulu kabla jua halijayeyusha barafu, maana zikilainika hupasukia mkononi. Dechen alipiga matawi kwa fimbo, vitunda vya rangi ya chungwa vikamwagika turubaini kama shanga. Miiba ilikuwa imemchania glavu zote mbili.

"Mama, anakuja tena," alisema Yangzes, akijifanya anatazama mlima.

"Nimemwona tangu darajani. Na wewe, umejipaka mafuta usoni uje kuchuma miiba?"

Jirani yao Spalzes alicheka mpaka akakalia ndoo. "Mzee Stobdan, viatu vitakuishia kabla mama huyu hajalainika."

"Leo sikuja kubembeleza," mzee alisema. Alijaza kikombe, akakiweka juu ya jiwe. "Napumzika tu, dada."

"Pumzika mbali na mimi."

Ili aonekane hana habari naye, Dechen alichota konzi nzima ya vitunda akavitia mdomoni. Uchachu ukampanda hadi masikioni. Jicho moja likajifumba lenyewe, machozi yakamtoka, akapapasa huku na huku akitafuta maji, mkono ukakuta kikombe. Akakigugumia chote.

Fimbo zote zikanyamaza.

"Nimekunywa kwa ajili ya uchachu," alisema Dechen.

"Umekunywa, dada. Watu saba wameona."

"Sita," alisema Spalzes. "Mimi nilikuwa nimefumba macho kwa kicheko."

Dechen alimgeukia bintiye. Yangzes alikuwa amejificha nyuma ya mtandio, mabega yakimtikisika.

"Wewe unacheka. Kifua kikikubana huko, utakunywa nini?"

"Nyuma ya nyumba yao kuna vichaka vikubwa kuliko hivi, Mama. Vimefika mpaka dirisha la jikoni."

"Dirisha la jikoni umelionea wapi?"

Yangzes akaokota fimbo yake, akaanza kupiga tawi lisilo na tunda hata moja. Spalzes akaanguka kutoka kwenye ndoo.

Dechen alijitahidi kukunja uso, lakini kicheko kikamponyoka puani. Akamnyooshea mzee kikombe.

"Jaza tena. Cha kwanza kilikuwa cha uchachu."