Maji ya Mdomoni

Mama Fidélie alikuwa ameizunguka Normandi nzima bila kutoka barazani kwake, Dilala. Mwanawe Gael, aliyekuwa akiishi huko ugenini bila karatasi za ukaazi, alimwonyesha yote kwa simu. Juzi walizuru kanisa kuu la Rouen, na mama akataka kujua ni nani anayepanda kufagia minara ile. Jana ilikuwa zamu ya mashamba ya matofaa na ng'ombe wanene hadi akacheka. Leo asubuhi ikawa bahari, na kicheko kikamkauka.

Nyuma ya Gael watu waliovaa makoti ya kuelea walikuwa wakiburuta boti la mpira mchangani.

"Gael, kule ng'ambo ni wapi?"

"Ni Angleterre, mama, kwa Waingereza. Kamata maji, unibariki."

Kumbe matembezi yote yale yalikuwa kuaga! Kwao, mtoto anayeanza safari ndefu husimama mbele ya mama yake, naye mama hujaza maji mdomoni na kumpulizia kifuani. Bila maji hayo mtoto haondoki.

"Hapana. Rudia mu muji, mwana wangu."

"Mama, bananingojea. Kama unakatala, mi naenda tu vile."

Akaanza kulikimbilia boti. Fidélie akaingiwa na hofu ya kweli. Mwana kupotea majini ni msiba; kupotea bila baraka ya mama, huo hakuujulia jina. Akanyakua kikombe, akajaza mdomo, akampulizia mwanawe kwa nguvu zake zote. Yaani aliipulizia simu, tena simu yenye kioo kilichopasuka. Ikazimika papo hapo.

Aliipangusa kwa kitenge, akaitikisa, akailaani. Wapi! Jirani yake Safi akaja mbio, akachomoa kadi na kuitia katika simu yake mwenyewe. Wakakaa wakiitazama. Jua lilikuwa limeshahamia upande wa pili wa nyumba simu ilipolia.

"Mama? Niliona unatia maji mu kinywa, kisha simu yikakatika mbele umalize kupuliza. Nikaogopa. Sikupanda."

Fidélie akalia kwa furaha mbele ya jirani, wala hakuona haya.

"Boti yingine iko kesho," Gael akaendelea. "Bariki sasa, mama. Niko nasikia."

Kikombe kilikuwa bado miguuni pake, na maji yamebaki.

"Baraka yangu haipite mu simu," akasema. "Iko hapa Dilala. Kuya huku uyikamate na kifua yako."

Kisha akayanywa maji yote, mwanawe akisikia kila funda.