Gesi ya Ukijani wa Matangi

Mimi ni fundi wa mabomba, na kwa miaka mingi nimesugua ukijani kwenye matangi ya watu na kuumwaga mtaroni bila kuuliza chochote. Aliyeniharibia starehe hiyo ni mwalimu mmoja wa mtaa wa Nyayo Highrise. Nilipokuwa nikimsafishia tangi, aliniambia kwamba ule ni mwani, mimea midogo mno inayoishi kwa jua, na kwamba ukifungiwa pasipo hewa pamoja na mavi ya ng'ombe, kuna vijidudu vitakavyoula na kutoa gesi ya kupikia. Nilicheka, lakini siku hiyo sikumwaga ndoo yangu.

Nilikuwa na sababu. Mama yangu hukaanga samaki wa kuuza katika mtaa wa Sarang'ombe, na moshi wa makaa umemharibu kifua. Daktari alimwambia aachane nao. Mtungi wa gesi hataki hata kuuona, kwa sababu wa jirani uliwahi kulipuka, na mama yangu akishaogopa kitu haambiliki.

Mtaani Kabiro, ninakopanga, mwenye ploti ni shosho, bibi kizee aliyezaliwa papo hapo. Bado anafuga ng'ombe wawili nyuma ya vyumba vyetu. Alinipa mavi na kona ya kuweka pipa.

"Ikinuka, unatoka nayo," akanionya.

Ilinuka. Kosa lilikuwa ulafi wangu: nilimimina ndoo nzima ya ukijani kwa mara moja, nikidhani chakula kingi ni gesi nyingi. Nilichopata ni harufu ya mkojo iliyomtoa shosho nje na fimbo. Nilimwomba anipe wiki mbili zaidi, nikampigia mwalimu simu. Akanieleza kwamba vijidudu hivyo hula kidogo kidogo, na mwani mtupu ni mkali kwao. Niulegeze kwa maji moto, kisha niuchanganye na karatasi.

Karatasi nilijua pa kuzipata. Mama ana gunia la magazeti ya kufungia samaki. Kila asubuhi nikawa nalisha pipa kikombe cha ukijani na konzi ya gazeti lililoloweshwa, halafu natega sikio ubavuni mwake. Ndani kulikuwa na mchemko mdogo. Nilitamani mno kuviona viumbe hivyo visivyotaka hewa, vinavyokula uchafu na kuacha moto. Mpaka leo sijaviona.

Tubu ya gurudumu la lori niliyoiunganisha na pipa ili ikusanye gesi ilipovimba, niliibeba begani hadi Sarang'ombe. Vijana njiani hawakuniacha.

"Niaje fundi! Lori umeacha wapi?"

Mama alikuwa ameahidi kwamba gesi yangu ikikaanga samaki wa siku moja, makaa ataacha. Nikaunganisha mpira wa tubu kwenye jiko la gesi, nikamwambia aikalie tubu ili gesi isukumwe. Akaikalia, aproni na yote, wateja wakavunjika mbavu. Nikawasha kiberiti. Moto ukashika, wa buluu, bila moshi hata kidogo. Nilifurahi nusura nilie.

"Nyathina," mama akaniambia, yaani mwanangu kwa Kijaluo, kama anitavyo tangu utotoni, "hii ni ile takataka ya kwa tangi?"

"Ndiyo, mama."

"Na ile ya kwetu ziwani, yenye hushika kwa nyavu? Pia hiyo inaweza?"

"Nafikiri inaweza."

Akatikisa kichwa kwa mshangao. Samaki wa kwanza akaiva, wa pili akageuzwa. Kisha nikaona mama anashuka polepole, tubu ikinywea chini yake, hadi akafika chini kabisa na moto ukazimika.

"Siku nzima inataka tubu ngapi?" akauliza.

"Kumi. Labda zaidi."

"Na pipa iko moja."

"Moja."

Hakunisuta. Beseni lilikuwa bado limejaa samaki na wateja walikuwa wamesimama. Akajiinua, akakohoa, akainama kuvuta gunia la makaa. Nikamnyang'anya, nikamwambia akakae kule mlangoni penye hewa. Jiko la makaa nililiwasha mimi, nikalipepea mpaka jioni, na kufikia samaki wa mwisho hata mimi nilikuwa nakohoa.